Wauza saa janja Moshi, kwani ndizi nayo ina presha?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Kuna duka la simu hapa Moshi mjini, jina siliweki, limeuza saa mbili ndani ya ukoo mmoja. Yangu nilichukua kwa 85,000 kwa ajili ya mazoezi ya Kili Marathon, zile kilomita 21. Ya pili kachukua baba mdogo wangu wa Kibosho, mgonjwa wa sukari, baada ya kuambiwa: "Meku, hii inapima mpaka sukari, hutoboi kidole tena." Nianze na ya kwangu maana ndiyo nyepesi.

Boksi limeandikwa GPS, ile ya kupima umbali kwa setilaiti. Kumbe haina GPS yake, inaazima ya simu. Ukiacha simu nyumbani inachofanya ni kuhesabu mkono unavyotikisika, inazidisha na urefu wa hatua iliyoukisia kutokana na kimo chako, basi, hizo ndizo kilomita zako. Aliyewahi kupandisha Mweka anajua hatua zinavyofupika pale. Saa haina habari kama kuna kilima. Nilikimbia na jamaa mwenye Garmin, saa yenye GPS yake, yake ikasoma 10, yangu 13 na ushee. Jiandae na mbio kwa hesabu hiyo uone utakavyokata pumzi njiani.

Hatua sasa ndiyo vichekesho. Dada yangu aliivaa akifua mashuka, akaongezewa hatua elfu na kitu akiwa kakaa kwenye kigoda. Ukipanda bodaboda barabara ya vumbi, unahesabiwa umetembea. Ila mwanamke aliyepandisha na ndoo kichwani, mkono kaushikilia juu, hapewi kitu. (Na hiyo 10,000 wanayotutishia nayo ilianzia Japani mwaka 1965, kwenye biashara ya kuuza vipima hatua.)

Mapigo ya moyo saa inayapima kwa zile taa za kijani za nyuma. Mwanga unaingia kwenye ngozi, damu inaunyonya, kila pigo kiasi kinachorudi kinabadilika, sensa inahesabu. Mkanda ukilegea au mkono ukiwa wa baridi alfajiri, namba zinaruka. Hilo nalielewa, hata saa za bei mbaya zinasumbuka hapo.

Lakini juzi nikaifunga kwenye ndizi mshare iliyokuwa jikoni. Mapigo 78. Najua atatokea mjuaji aseme hata saa ya kweli inaweza kudanganyika kwa mwanga unaorudi. Haya, mapigo nimekuachia. Nikabonyeza presha: 118 kwa 76. Wakuu, ndizi haina presha! Ile programu inatoa namba nzuri nzuri tu ili mteja asiwe na wasiwasi.

Na hapo ndipo nilipomkumbuka mzee. Kwenda Kibosho, namkuta yuko na saa yake mkononi ana furaha kabisa. Kabla ya kula 5.4. Kapiga mtori na soda, 5.5. Stripu za kupimia kaacha kununua, "hela ya bure hiyo, mwanangu." Tukampeleka zahanati akatobolewa kidole: 17 na pointi zake. Nesi akarudia kipimo kwa kutoamini, ikabaki hivyo hivyo. Mtu alikuwa anatembea na sukari hiyo huku mkono unamwambia yuko salama.

Sikieni, na mwambieni kila mwenye mzazi mgonjwa. Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Hata zile saa za maana zinazoonyesha sukari zinapokea namba kutoka kwenye sensa nyingine iliyochomekwa chini ya ngozi. Saa ni kioo tu. Kama makampuni yenye mabilioni hayajaleta kitu hicho sokoni, hii ya elfu 85 imekitoa wapi?

Nimerudi dukani. Kijana kanionyesha risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamuuliza, kifaa kinachodai kupima sukari ni kifaa tiba, na vifaa tiba nchi hii viko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, hiki kimesajiliwa? Akamwita mangi mwenyewe, mwenye duka. Mangi akacheka: "Mnataka usahihi wa hospitali kwa elfu themanini na tano?" Basi futa neno sukari kwenye bango, mangi! Uza saa ya urembo, useme ni ya urembo, tutanunua hata mbili. Bango bado lipo, nimepita leo mchana.

Sitaki kurudishiwa hela ya kwangu, hiyo nimemwachia dada, inamwonyesha saa vizuri. Ya mzee nitaifuatilia mpaka mwisho. Aliyewahi kupeleka malalamiko ya namna hii TMDA au Tume ya Ushindani anielekeze nianzie wapi na nibebe nini.

Halafu mwenye kuijua saa yenye GPS yake yenyewe, isiyozidi laki tatu, aliyoivaa yeye na kukimbia nayo, aitaje hapa hapa kila mtu aone. Wale wa "njoo inboksi mkuu, ninazo", mkae huko huko.