Ramadhani naacha, Iddi narudi. Vikao vya kuacha pombe Unguja nitavipata wapi?

Mtu_wa_Wete
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina miaka 38, kwetu Wete, nafanya kazi hoteli ya pwani ya kaskazini Unguja, mwaka wa kumi na moja huu. Nilianza kwa kumalizia mabaki ya wageni baa ikifungwa. Sasa sisubiri mabaki.

Kila Ramadhani naacha. Naswali tarawehe, mke wangu anafurahi, watoto wananizoea upya. Sikukuu mosi najizuia. Ya pili nishalewa. Mwaka huu hata kuacha kwenyewe kulinishinda. Siku ya pili ya mfungo, wakati wa kufutari, mikono ilitetemeka mpaka uji ukanimwagikia. Jasho, usingizi hakuna. Usiku ule ule nikanywa, nikamwambia mke wangu nina homa.

Nasikia kuna vikao watu wanakaa wakazungumza na kusaidiana. Vipo wapi? Lazima nilazwe soba, zile nyumba za kuachia ulevi? Na kubwa zaidi, kisiwa hiki kidogo. Nikionekana naingia, kabla ya magharibi habari iko Wete.

Klini_KwaLeo
Waalaykum salaam kaka. Mie ilikuwa pombe na unga vyote, mwaka wa saba huu. Vikao vya hapa vingi utavikuta kwenye soba hausi, na vingi ni vya NA (Narcotics Anonymous, waraibu wa dawa za kulevya wanaosaidiana kuacha), maana janga letu kubwa lilikuwa heroini. Usirudi nyuma kwa hilo. Kwa NA pombe nayo ni dawa ya kulevya, na sharti la kuingia ni moja tu: utake kuacha. Hatua 12 za kuacha wanazozifuata wamezichukua kwa AA (Alcoholics Anonymous), ya walevi wa pombe, iliyoanza Akron, Marekani, 1935.

Si lazima ulazwe. Pigia soba yoyote ya mjini, uliza kikao cha wazi ni lini. Cha wazi anaingia hata ndugu yako, cha ndani ni cha waraibu peke yao. Hakuna kiingilio, na unataja jina moja tu. Zamu ikikufikia huna la kusema, sema "leo nasikiliza". Utapewa tagi nyeupe ya funguo. Ukifika siku 30 unapewa ya rangi ya chungwa.

Kuhusu kuonekana: siku yangu ya kwanza nilimkuta ndani mtu wa mtaani kwetu. Hajanitaja popote, wala mie sijamtaja. Tukikutana sokoni tunaulizana bei ya samaki.

Nesi_Ngambo
Hapo kwenye kutetemeka msipapite. Kaka, ile haikuwa homa wala udhaifu wa imani. Mwili uliozoea pombe kila siku ukikatiwa ghafla, mitetemo huanza ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege inaweza kuja ndani ya siku mbili. Kuanzia siku ya pili au ya tatu mtu anaweza kuchanganyikiwa, akaona visivyokuwepo, na wengine hufa. Tafadhali usiache tena peke yako chumbani. Tangulia hospitali, Kidongo Chekundu au iliyo karibu nawe, umwambie daktari kiasi unachokunywa bila kupunguza hata glasi moja. Kuna dawa za kutuliza zinazopunguzwa siku hadi siku, na vitamini B1. Ukisikia methadoni isikuchanganye, hiyo ni dawa ya wanaoacha heroini.

Vikao havizuii degedege. Na dawa nazo hazitakuwa nawe sikukuu ya pili. Unavihitaji vyote.

AbuSwafiya
Akhi, pombe ni haramu, na dawa yake ni tauba. Zidisha swala. Vikao vya kigeni vya nini?

Klini_KwaLeo
Sheikh wangu, tauba nilileta mara nyingi, na kila mara kwa machozi ya kweli. Nilichokosa ni mtu wa kumpigia saa nane usiku shetani akinikalia kooni. Kikaoni tunamwita sponsa, mtu aliyetangulia kuacha. Hatua zenyewe zinamtaja Mungu, kila mtu anamwomba Mola wake. Tukimaliza tunakwenda kuswali isha pamoja.

AbuSwafiya
Hilo la simu sikulijua. Allah awathibitishe.

Mama_Chukwani
Mwanangu, kamwambie mkeo ile haikuwa homa. Mie miaka tisa nilificha chupa, nikalipa madeni ya watu, nikampigia mkubwa wake wa kazi kusema mume wangu anaumwa. Nilidhani nasitiri, kumbe namrahisishia. Jamaa za walevi nao wana vikao vyao, Al-Anon, tangu 1951, na vingine ni vya mtandaoni. Sisi hapa tulianza wake wanne tu, barazani kwa mwenzetu. Na hiyo baa omba uhamishwe, hata kama mshahara utapungua.

Mtu_wa_Wete
Nimerudi baada ya wiki tatu. Nililazwa siku tano, dawa nimemaliza. Mke wangu nilimwambia yote. Alilia, kisha akauliza kikao ni saa ngapi. Jana alinisindikiza, akakaa nje mpaka nikatoka. Zamu iliponifikia nilikusudia kusema nasikiliza, nikajikuta nataja jina langu. Tagi nyeupe ninayo mfukoni. Kazini nimehamishiwa dobi.

Klini, kikao cha usiku gari za kurudi shamba huwa tabu. Hakuna cha mchana?

Klini_KwaLeo
Ijumaa kipo, baada ya swala. Shuka Darajani, nitakusubiri kituoni.