MREJESHO: Mafuta ya karafuu kwenye daftari za babu

Wakuu, nimerudi. Mimi ndiye niliyeuliza mwezi wa pili kama naweza kupaka mafuta ya karafuu kwenye daftari za marehemu babu na kikapu chake cha ukili, maana mvua zilipokolea chumba chetu hapa Kizota kilianza kunuka uvundo. Nusu yenu mlisema paka, nusu mkasema nisithubutu.

Nilijaribia kwanza kwenye karatasi chakavu, na namshukuru Mungu. Tone moja tu lilinyweka papo hapo, likaacha duara linalopitisha mwanga kama karatasi ya kufungia maandazi. Wiki tatu baadaye harufu imepungua, duara lipo, tena limekuwa la kahawia. Yule aliyesema mafuta "yanaruka yote", yaani yanapotelea hewani bila kuacha alama, hakuwa sahihi: karafuu ina eugenoli, kemikali inayoipa harufu yake, nzito kuruka, na ikikaa hewani hubadilika rangi.

Unyevu nao hauondoki kwa mafuta. Karatasi na ukili vyote kwa sehemu kubwa ni selulosi, yaani nyuzi za mimea, inayovuta maji kutoka hewani hata ukiipaka manukato. Hewa ikipita unyevu wa asilimia 65 hadi 70, ukungu unapata nafasi.

Basi nikasogeza kabati mbali na ukuta wa nje, nikawa nafungua madirisha siku zisizo na mvua. Kiangazi kilipoingia, upepo wa Dodoma ukamaliza kazi. Daftari sikuzigusa na mafuta.

Kikapu, kwa ubishi wangu, nilikipaka ukingoni. Vumbi limeganda pale pote, na mama akipita ananiangalia tu.