Nemo waliozalishwa tangini na anemoni: kusubiri, kusogeza, kapu au picha?

Mwambao_Chumvi
Wakuu, swali la jinsi ya kuwafanya nemo (samaki wanaoishi ndani ya anemoni) waingie kwenye anemoni, yule mnyama wa baharini mwenye minyiri inayochoma, linaulizwa kila mara, bora tulimalize mahali pamoja. Mfano wa kulinganisha: tangi la lita 200, nemo wawili waliozalishwa tangini (*Amphiprion ocellaris*), na anemoni moja ya *Entacmaea quadricolor*, ile yenye ncha zilizovimba kama balbu. Anemoni ina wiki tatu, imeshika jiwe vizuri, inakula. Samaki wanalala nyuma ya hita kama hawajaiona.

Njia zinazotajwa ni nne.

Kusubiri: haina gharama wala hatari. Wengine huingia siku ya pili, wengine baada ya miezi, wengine hawaingii kabisa.

Kusogeza: unahamisha jiwe lenye anemoni hadi sentimita 10 au 15 kutoka wanapolala. Usiihamishe anemoni bila jiwe lake.

Kapu: samaki na anemoni ndani ya kapu moja la plastiki kwa siku kadhaa.

Picha: unabandika nje ya kioo picha ya nemo walio ndani ya anemoni, au unawaonyesha video kwenye simu.

Mpangilio wangu: anza kwa kusogeza, subiri wiki nne, kisha kapu. Picha ni ya kuchekesha wageni.

Kitako_Imara
Mkuu, umeruka hatua ya kwanza. Kabla ya njia, angalia samaki gani na anemoni gani. Porini ocellaris hukaa kwenye *Heteractis magnifica*, *Stichodactyla gigantea* na *S. mertensii*. Quadricolor haimo. Tangini wengi huikubali hatimaye, lakini wakichelewa si wakaidi, ni kwamba hiyo si nyumba yao ya asili.

Ukitaka samaki wa kuingia haraka kwenye quadricolor, kuna nemo aina ya clarkii, ambaye hukubali aina zote 10 za anemoni zinazokaliwa na nemo. Kuna pia maroon (*Premnas biaculeatus*), ambaye porini hana nyingine ila hiyo hiyo. Huyo maroon ni mkali. Jike likikomaa litakung'ata mkono ukisafisha kioo.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki, nemo aina ya allardi ni wa pwani yetu na porini hukaa kwenye quadricolor. Yule wa rangi ya ngozi mwenye mstari mweupe mgongoni, akallopisos, hupatana na magnifica na mertensii. Ila magnifica si ya lita 200, wala si ya taa dhaifu. Na tusisahau: ndani ya hifadhi za bahari za Kenya kama Watamu na Kisite hakuna ruhusa ya kutoa kiumbe chochote, hata kama muuzaji anasema "kimeokotwa tu".

Fundi_Sampu
Kapu linafanya kazi, lakini wengi hulifanya vibaya, kwa hiyo naeleza lote.

Chukua kapu la plastiki la matunda, upana wa sentimita 20 hivi, matundu ya milimita 5 hadi 8. Lioshe kwa maji ya moto, bila sabuni. Ndani weka jiwe bapa lenye anemoni. Ning'iniza kapu kwa vibanio vya plastiki, ukingo ubaki sentimita 3 juu ya maji ili samaki asiruke. Liwe kwenye mwanga uleule anemoni iliouzoea na mahali maji yanapita. Si mbele ya pampu, si kwenye kona iliyotulia.

Samaki waingizwe usiku, saa moja baada ya taa kuzimwa, kwa kikombe na si kwa wavu. Wavu unakwangua ute wa ngozi, na ute huo ndio kinga yao dhidi ya vichomo vya anemoni. Samaki aliyekwanguliwa akisukumwa kwenye minyiri ataungua kweli, na ataiogopa.

Siku 3 hadi 5 zinatosha. Lisha kidogo, mara mbili kwa siku, na nyonya mabaki kwa mrija jioni. Utaona kwanza anagusa kwa mkia, anaruka nyuma. Kisha tumbo. Kisha anajisugua pande zote mbili kwa dakika kadhaa, halafu anazama mzima mzima. Ukifika hapo, acha usiku mmoja zaidi ndipo ufungue.

Kinachoharibika mara nyingi: anemoni inaacha jiwe na kushika plastiki ya kapu. Usiibandue. Kata kapu kwa mkasi kuzunguka kitako (sehemu ya chini ambayo anemoni hushikia), zamisha kipande hicho pembeni mwa mwamba, itahama yenyewe. Kitako kikichanika ni wiki za matibabu, na mara nyingi hakuna matibabu.

Usilijaribu kapu kwa anemoni yenye chini ya wiki mbili tangini. Na usiwafungie samaki wadogo na *S. haddoni*, ile inanata mno, na samaki asiye na pa kukimbilia anaweza kuliwa.

Bibi_Matumbawe
Fundi, maelezo ni mazuri, ila kapu ni njia ya mwisho. Samaki hachagui, amefungiwa. Wengi wakifunguliwa wanarudi nyuma ya hita siku hiyohiyo, kwa sababu hita bado ipo.

Ondoeni mshindani kwanza. Nemo hakai mahali bila sababu: pale mkondo hausumbui na kuna kitu cha kujisugua. Hamishia hita kwenye sampu (tangi la pembeni la kuchujia maji), au ivishe kifuniko chake. Kama wamehamia kwenye matumbawe laini au kwenye euphyllia, tumbawe gumu lenye minyiri mirefu, hapo ndipo anemoni haitazamwi kabisa. Kisha geuza pampu ya mkondo ipige kona wanayolala, na pale penye anemoni pabaki pa wastani. Hujamfukuza, umemharibia kitanda tu.

Njia ya tano ambayo Mwambao hakuitaja ni chungu. Chungu cha udongo cha maua kisichopakwa rangi, mdomo wa sentimita 12, kimelazwa ubavu. Nemo waliozalishwa tangini wengi wamekua na vyungu au vigae, ndipo wazazi wao hutagia. Wakishakizoea, kisogeze hadi mdomo wake uguse jiwe la anemoni. Wanaingia nyumbani, wanapita kwenye minyiri. Huchukua wiki mbili tatu, na hakuna aliyefungwa.

Mwambao_Chumvi
Chungu nakiongeza kwenye orodha, dada, tena nakiweka juu ya kapu. Lakini je, anemoni haitatembea ikaondoka mdomoni?

Bibi_Matumbawe
Itatembea ikiwa mwanga au mkondo wa pale hauifai. Ndiyo maana unaanza na pale anemoni ilipochagua, kisha unasogeza chungu kwake. Ile yenye kitako haibembelezwi, kaka. Yenye mapezi ndiyo inayohamishwa.

Harufu_Kwanza
Kuhusu picha: nemo hutambua anemoni kwa harufu zaidi kuliko kwa macho. Porini mtoto anayetoka kuelea baharini huifuata harufu ya aina ya anemoni anayoifahamu. Waliozalishwa tangini hawajawahi kuinusa. Karatasi kwenye kioo haina harufu, basi.

Hapo kuna jambo la bure la kufanya: elekeza mkondo upite kwenye anemoni kwanza ndipo ufike kwa samaki, si kinyume. Na mlo wao udondoshe kwa mrija sentimita 5 juu ya minyiri, kila siku saa ileile. Wanaikaribia kwa njaa, wanaigusa kwa bahati mbaya, ngozi inaanza kuzoea.

Nahodha_Muscat
Salaam kutoka Muscat. Huku kwetu nemo wa Oman, *A. omanensis*, porini yumo kwenye quadricolor na kwenye *H. crispa*, kwa hiyo tatizo la kuingia ni dogo. Kwetu tatizo huja baadaye. Jike la sentimita 7 limeingia kwenye anemoni ya sentimita 8, sasa anemoni imenywea, haifunguki mchana, mdomo umelegea. Nifanye nini?

Fundi_Sampu
Ndugu yangu, anemoni ni ndogo. Iwe angalau mara mbili ya urefu wa jike, mara tatu ni bora zaidi. Jike linajisugua, linaikanyaga, linaichomoa chakula mdomoni.

Tumia kapu lilelile, ila lipindue: funika anemoni, samaki wabaki nje. Siku 10 hadi 14. Ilishe mara mbili kwa wiki kipande cha kamba kisichozidi punje ya njegere. Kubwa kuliko hapo itakitema usiku na kuchafua maji. Kunywea saa chache kwa siku ni kawaida, inajisafisha. Ikitoa uzi wa kahawia ni uchafu tu. Lakini mdomo ukibaki wazi siku nzima, ikatoa harufu ya kuoza na nyama inayeyuka, itoe saa hiyohiyo, la sivyo amonia inaua tangi zima.

Kitako_Imara
Na anemoni nyeupe pepe dukani, au ya njano na waridi kali kama juisi, usinunue. Nyeupe imepoteza mwani unaoishi ndani yake, zile nyingine mara nyingi zimetiwa rangi. Hakuna njia kati ya hizo tano itakayosaidia.

Maji_ya_Bamvua
Naongeza ya maji, maana ndiyo yanayoshinda. Tangi liwe na miezi 6 na zaidi. Chumvi 1.025 hadi 1.026 (uzito wa maji ukilinganishwa na maji matamu), joto nyuzi 25 hadi 27, amonia na nitriti sifuri, nitrati chini ya miligramu 20 kwa lita, ukali wa alkali dKH 8 hadi 10. Taa ifikie PAR (kipimo cha mwanga unaotumiwa na mwani) 150 hadi 250 pale anemoni ilipokaa.

Mnaochota baharini: choteni maji yakijaa siku za bamvua, mbali na mdomo wa mto, si wakati wa masika ambapo maji ya ufukweni hupungua chumvi. Chuja kwa kitambaa, pima kabla ya kumimina. Joto likifika 30, feni juu ya maji hushusha nyuzi 2 au 3, lakini maji yanakauka na chumvi inapanda, kwa hiyo jaza maji matamu ya RO (yaliyosafishwa kwa mashine ya utando) kila siku.

Na pampu zote zivikwe sifongo au kichujio cha matundu madogo. Anemoni inayotafuta mahali hutembea usiku.

Mwambao_Chumvi
Basi orodha mpya: hita kwenye sampu, mkondo kugeuzwa, kulisha juu ya minyiri wiki mbili, chungu, kisha kapu. Picha nimeiondoa.

Nahodha_Muscat
Sifongo ya pampu isafishwe kila baada ya siku ngapi?

Maji_ya_Bamvua
Tatu au nne, mkuu, kwenye ndoo ya maji ya tangi. Zima pampu kwanza, na angalia nyuma yake kabla ya kuivuta, huenda anemoni imeshafika.