Stokes na Darcy: nikiweka mchanga laini majibu hayatulii

Mwisho_wa_Reli (Kigoma)
Shikamooni wakubwa. Tasnifu yangu ni ya hesabu tumizi, nimechukua Mto Luiche karibu na Ujiji. Maji ya mto nayakokotoa kwa milinganyo ya Stokes (ya maji yanayotiririka huru), yaliyo ndani ya mchanga kwa sheria ya Darcy (ya maji yanayopenya), na yanapokutana nimeweka sharti la Beavers na Joseph (1967), linalosema maji yateleze vipi juu ya mchanga, kama Saffman alivyolirahisisha mwaka 1971. Kila upande una programu yake: mto unaupa mchanga kiasi cha maji kinachoingia, mchanga unarudisha presha, zinapokezana hivyo hivyo. Kwa changarawe majibu yanatulia upesi. Kwa mchanga laini presha inaruka tu. Nimevifanya vidogo zaidi vipembetatu vya wavu wa kukokotolea, wapi.

Fundi_Pampu (Tabora)
Marahaba. Wavu hauna kosa, acha kuutesa. Shida ni hiyo kupokezana. Mto ukisema "chukua maji haya", mchanga usiopitisha maji unajibu kwa presha kubwa mno, maana kwa Darcy unagawanya kwa upitishaji. Kosa dogo la upande mmoja linatokea upande wa pili limeshakuwa jitu. Discacciati, Quarteroni na Valli walilishughulikia hilo mwaka 2007 kwa masharti ya Robin: kila upande unapokea mchanganyiko wa presha na mtiririko, wala si kimoja peke yake. Kama kazi yako ni ya mchoro bapa tu (urefu na kina, bila upana), ingiza milinganyo yote kwenye matriki moja uitatue kwa mkupuo. Ningeanzia hapo, upate jibu la kukagulia lile la kupokezana.

Linalonikera zaidi ni hili: nani kakwambia mto ni Stokes? Stokes ni ya maji yanayojikokota. Mto wa kina cha mita 1 unaokwenda nusu mita kwa sekunde una namba ya Reynolds (nguvu ya mwendo wa maji ukilinganisha na unato wake) kama 500,000, na Stokes inataka iwe ndogo! Na kama unachotaka ni kujua maji ya mto yanavyofika kisimani, kisima cha kando hakina habari na mawimbi ya mto, kinachokigusa ni kimo cha maji na tope la chini. MODFLOW, programu ya bure ya maji ya ardhini ya USGS (idara ya jiolojia ya Marekani), inazidisha tu tofauti ya vimo kwa upitishaji wa lile tope na eneo lake, kisha inagawanya kwa unene wake. Kama tope lina unene wa nusu mita na linapitisha nusu mita kwa siku, kipande cha mto cha mita 100 kwa 10, vimo vikipishana sentimita 30, kinapitisha mita za ujazo 300 kwa siku. Umemaliza.

Mwisho_wa_Reli
Sawa mzee, lakini mada ni njia za kukokotoa, si kisima. Msimamizi anaitaka Stokes.

Fundi_Pampu
Basi liondoe jina la Luiche kwenye kichwa cha tasnifu. Weka sinia la maabara: maji ya kina cha milimita 5 yakitambaa sehemu ya kumi ya milimita kwa sekunde juu ya mchanga. Reynolds 0.5, hakuna wa kukubishia.

Bi_Matriki (Tabora)
Mdogo wangu, kagua na vipimo. Upitishaji wa mita kwa sekunde (wa maji kwenye mchanga) si upenyezaji wa mita za mraba (wa mchanga wenyewe, kimiminika chochote). Kwa maji vinapishana kama mara milioni 10. Mchanga wa 0.00001 m/s una upenyezaji wa takriban 10⁻¹² m². Kwenye Beavers na Joseph kinaingia kipeuo cha pili cha hicho cha mita za mraba. Ukiingiza kile kingine, programu haitalalamika, itakupa jibu tu.