Saguaro imetoa matumba mwanzoni mwa Machi: niimwagilie au niiache?

Mwenye uzi: Wakuu, habari. Ni saguaro, ule mkaktasi mrefu wa jangwani, ya mita 4 uani, Tucson, Arizona. Tayari ina matumba sita kileleni na mawili ubavuni. Kwa kawaida maua huanza mwisho wa Aprili. Ni ugonjwa? Nimwagilie?

Mlinzi wa Miba: Mkuu, kwanza yakague hayo ya ubavuni. Tumba la ua lina magamba ya kijani yaliyolaliana, halina miba mirefu. Ukiona donge la duara lililojaa miba, hilo ni tawi jipya. Maua ya ubavuni si ugonjwa. Mwaka 2021 yalionekana mengi hapo Tucson, baada ya ukame mkali wa 2020. Kuwahi nako huenda kumetokana na joto la mwisho wa majira ya baridi.

Bi Shamba: Maji acha kwanza. Tazama mikunjo ya shina: ikiwa imejaa, kiu haina. Ikiwa imezama sana, subiri usiku uache kuwa wa baridi, kisha mwagilia mbali na shina. Mizizi mingi iko sentimita 10 hivi chini na husambaa karibu sawa na urefu wa mmea, kwa hiyo yako inafika mita 4. Ukiloweka shina wakati wa baridi unakaribisha uozo: ngozi inakuwa nyeusi na kutoa majimaji yanayonuka. Mbolea usiweke kabisa.

Mwenye uzi: Asanteni. Matunda je?

Mlinzi wa Miba: Hapo ndipo kuwahi kunapoumiza. Saguaro haijichavushi, chavua lazima itoke kwa saguaro nyingine. Ua hufunguka usiku, kesho yake alasiri limefunga, halirudii. Majirani wasipochanua siku hiyohiyo, nyuki watahangaika bure. Popo wachavushaji wanaotoka Mexico nao Machi huwa hawajafika. Ua likinyauka likang'ang'ania, na chini yake pakavimba, limeshika. Lisiposhika hudondoka lote.

Bi Shamba: Na jalidi usiisahau, matumba huungua kabla ya shina. Usiku ukitabiriwa kuganda, funika kilele kwa gunia, si plastiki, na asubuhi uliondoe.

Mpima Misimu: Tafadhali andika tarehe: tumba la kwanza, ua la kwanza kufunguka, tunda la kwanza kuiva. Zipeleke Nature's Notebook, programu ya kurekodi matukio kama haya ya USA National Phenology Network, mtandao wa Marekani unaofuatilia misimu ya mimea na wanyama. Andika pia siku ulizokagua ukakuta hakuna kitu. Bila hizo hatuwezi kujua ua lilianza lini hasa.