Naombeni ushauri, mdogo wangu anapenda injini ila mzee anataka awe mhasibu

Habari zenu wadau, niko Jinja, Uganda, nina mdogo wangu kamaliza S6 (mwaka wa mwisho wa sekondari) na kombi ya PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, sasa tunatakiwa kuchagua kozi ya chuo na nyumbani hapakaliki. Mzee kashikilia uhasibu, anasema kazi ni ya ofisini. Lakini huyu dogo tangu akiwa mdogo ni wa spana tu, juzi boda ya jirani ilikuwa inazimazima, akainama akasikiliza injini kama dakika mbili hivi, akafungua kabureta akaisafisha kwa mswaki wa zamani na petroli kidogo, ikawaka. Muweke mbele ya vitabu vya hesabu za biashara, nusu saa tu kashasinzia.

Nikamfanyisha lile jaribio la John Holland, yule mwanasaikolojia wa Marekani aliyegawa watu mafungu sita, R, I, A, S, E na C. R ni wa kazi za mikono na mashine, I wa kuchunguza, C wa mahesabu na mafaili. Dogo katoka R halafu I, C ikawa ya mwisho kabisa, na uhasibu ndo uko huko huko C!

Sasa naomba kujua, jaribio kama hili naweza kulitegemea kwa kijana wa miaka 19 au atabadilika? Na waliosoma uinjinia wa mitambo Makerere, au diploma Kyambogo, mnaonaje? Nimwambieje mzee bila kumvunjia heshima maana ada ni yeye anatoa, na dogo siku hizi hata kula anakula kidogo.