Mjadala: Je, wawakilishi wetu hurusha makombora au huuliza maswali?

Ndugu zangu, hoja iliyo mbele yetu ni kama inafaa waandishi wa habari waseme kuwa wawakilishi kule Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, "wamemrushia waziri makombora" pale wanapomuuliza maswali mazito. Aliyetangulia kuchangia ameyatetea matumizi hayo kwa kusema kuwa lugha hukua kwa sitiari, na kwamba hata mzinga ni gogo la nyuki na ni silaha pia. Hilo nalikubali. Ninachokipinga ni sitiari inayoipotosha kazi inayoelezwa.

Neno la Kifaransa barrage, ambalo Waingereza wamelichukua kuitia upigaji wa mizinga wa mfululizo, na kisha hata maswali ya mfululizo, asili yake ni kizuizi, kama vile bwawa linavyozuia maji: makombora huangushwa mstari mzima ili aliye upande wa pili asithubutu kuinua kichwa. Kule Somme, Ufaransa, mwaka 1916, katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walipiga makombora yapatayo milioni 1.5 kwa muda wa wiki moja kabla ya askari wao kutoka kwenye mahandaki. Swali la mwakilishi linataka kinyume cha hayo, yaani waziri ainuke, ajibu, na jibu lake liingie katika kumbukumbu za Baraza.

Nasi wa Unguja tunayo sababu yetu wenyewe. Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu na dakika mbili asubuhi, manowari za Kiingereza zilianza kulipiga kasri alimokuwa Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitawaza usultani bila ridhaa ya Waingereza, na kwa muda usiotimia saa moja watu wapatao 500 wa upande wake waliuawa au kujeruhiwa. Beit al-Hukm, mojawapo ya majengo ya kasri hilo, haikujengwa tena. Mahali iliposimama pakafanywa bustani, hatua chache tu kutoka Beit al-Ajaib. Mimi hupita pale mara kwa mara, na siwezi kulisoma neno "makombora" kama pambo la kichwa cha habari.

Juzi nilisoma habari ya namna hiyo iliyohusu bei ya karafuu. Waziri "alishambuliwa", "akamiminiwa moto", "akajihami", na nilipofika mwisho sikuwa nimeelewa hata swali moja aliloulizwa, sembuse alilojibu, na hayo ndiyo mkulima wa karafuu wa Wete, kule Pemba, aliyokuwa akiyangojea. Kwa nini isiandikwe tu "wambana waziri kwa maswali", kisha maswali yenyewe yakafuata, moja baada ya moja, pamoja na majibu yake?